Algarve mwezi wa kumi: namna ya kupeleka familia likizo bila kumaliza akiba

Kila ikikaribia likizo ya mwezi wa kumi watu huku Ujerumani wananiuliza watoto tuwapeleke wapi na hela ndo hii hii, na mi jibu langu halibadiliki, nendeni Algarve, kusini kabisa mwa Ureno. Oktoba mchana inacheza nyuzi 22, 23, maji ya bahari kama 20 au 21 hivi, kwa mtu wa Tanga ni baridi ndio lakini watoto wakishaingia kuwatoa ni kazi.

Anza na tarehe, usianze na hoteli, maana tarehe ndo inaamua bei. Ujerumani kila jimbo lina likizo yake ya shule, kwahiyo kama kwenu wamefunga na jimbo la jirani bado wanasoma, cheki ndege ya kwenda Faro, ndo mji wenye airport ya Algarve, kutoka airport ya kule kwa jirani, nauli ya treni ya kufika huko mara nyingi inarudi yote kwenye tiketi. Alafu kuna Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku saa zinarudishwa nyuma, hiyo hiyo ndo mashirika ya ndege yanaanza ratiba ya winta na safari nyingi za huko zinapungua, jitahidini muwe mmeenda na kurudi kabla yake, na baada ya hapo mvua nayo inaanza kuwa ya kweli.

Viza niseme haraka. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anabeba kibali na pasi yake basi. Ndugu zetu wa Uingereza wenye pasi za Kenya au Tanzania lazima muombe viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo, euro 90 mtu mzima, watoto wa miaka 6 mpaka 11 nusu, chini ya hapo bure, ombeni mapema sana maana mwisho ni siku 15 kabla ya safari ila nafasi za miadi zinajaa.

Sasa pa kulala. Wengi wanakimbilia Albufeira kwa sababu ndo jina wanalolisikia, na stesheni yake ya treni iko Ferreiras, kilomita kama 6 kutoka mjini, ukishuka pale na mabegi na watoto unaanza tena kutafuta basi. Mi nawashauri upande wa mashariki, Olhão au Tavira. Kutoka airport panda basi namba 16 mpaka Faro mjini, stesheni iko karibu na hapo, treni ya Tavira haifiki hata saa moja. Gari la kukodi sio lazima kabisa, na wakodishaji wengi wanataka kredit kadi ya kuzuia dhamana, debit wanaikataa pale pale kaunta. Reli hiyo hiyo kwa upande wa pili wa Faro inakupeleka mpaka Lagos, Lagos ya huko huko Algarve sio ya Nigeria, mtoto wa chini ya miaka 4 halipi.

Kitu kimoja nawaomba msikipuuze, muulize mwenye nyumba kama kuna hita. Sisi mwaka wa kwanza tulichukua apatimenti nzuri kwa picha, sakafu marumaru tupu, hita hakuna, usiku watoto wamelala na majaketi na mdogo akaamka na kikohozi, roho iliniuma sana. Nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya joto, jua likizama ndani panakuwa baridi kuliko nje.

Chakula, kuleni nje mchana, tafuteni ubao umeandikwa prato do dia, yaani chakula cha siku, na usiku mpike. Mkikaa tu wanaleta mkate, zeituni na siagi bila kuulizwa, hivyo ni vya kulipia, kama hamtaki waambieni waondoe kabla hamjagusa. Olhão sokoni nendeni Jumamosi asubuhi, yale majengo mawili ya matofali mekundu kando ya maji, samaki anang'aa utadhani uko feri Dar. Na Santa Luzia, jirani na Tavira, ni kijiji cha pweza, utaona vyungu vimepangwa gatini, vingine vimeganda vigamba vya bahari, vimetobolewa chini na kufungwa kamba moja ndefu, pweza anaingia mwenyewe akidhani kapata pango. Baba yangu alikuwa anamchokoa kwa mti kwenye miamba maji yakitoka, nilisimama pale muda mrefu.

Siku moja itengeni kwa Lagos. Mwaka 1444 Waafrika 235 walishushwa pale wakagawanywa kama mizigo, na pale panapojulikana kama soko la watumwa leo ni makumbusho madogo, watoto wangu wakubwa niliwaingiza na maswali hayakuisha mpaka tunarudi kwenye treni.

Ufukwe wa bure kabisa ni Barril, hapo hapo Santa Luzia, unavuka daraja alafu ni kutembea kama dakika 15, kitreni kipo kwa aliyechoka, na mwisho utakuta nanga kuukuu za wavuvi wa jodari zimepangwa mchangani safu kwa safu. Kwa visiwa vya Culatra na Armona boti zinatoka Olhão, ukifika gatini piga picha ratiba iliyobandikwa kabla hujapanda, mwezi wa kumi safari zinakuwa chache na ya mwisho ya kurudi haimsubiri mtu.