Jinsi ya kumchagulia mtoto shule hapa Tanga bila kudanganywa na bango

Wazazi wenzangu wa Tanga, msimu wa fomu ndo huu, ukitoka Chumbageni mpaka Makorora mabango tupu, kila shule "intanashono", na najua watu wanakopa vikoba ili mtoto avae tai. Hivi ndivyo nafanya mimi kabla sijatoa hata mia.

Utandawazi sisi tunaujua toka mkonge, kamba za nailoni zilipoushusha bei huko duniani baba zetu ndo waliokosa hela ya shule. Baadae yakaja masharti ya IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, 1986, serikali ikabana matumizi, na miaka ya 90 shule binafsi zikaanza kuota kila kona. Kwahiyo elimu imekuwa bidhaa sokoni, basi nawe ikague kama unavyokagua samaki, usinunue harufu ya manukato.

Anza na matokeo, lakini usiyasome kwenye bango. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, toka Januari 2023 hawatangazi tena shule kumi bora, sasa anayejiita wa kwanza muulize nani kampanga. Ingia tovuti ya NECTA mwenyewe, tafuta shule hiyo, hesabu watoto waliofanya mtihani wa fomu tuu (kidato cha pili) mwaka fulani kisha hesabu waliofanya wa fomu foo (kidato cha nne) miaka miwili baadae. Ukikuta walikuwa 60 wamebaki 38 uliza 22 wako wapi, maana zipo shule zinachuja watoto wenye wastani mdogo ili matokeo yang'ae, na mtoto anayechujwa anaweza kuwa wako. Kwa shule ya msingi linganisha darasa la nne na la saba. Hili linaniuma sana, mtoto sio pumba jamani.

Halafu gharama, omba orodha nzima kwa maandishi: ada, basi, chakula, sare, rimu, mitihani ya kujipima, mahafali. Mwanangu wa kwanza shule moja walinitajia ada tu, muhula wa pili nikaletewa karatasi ya basi na ya "maendeleo", nikashindwa nikamhamisha katikati ya mwaka, alilia wiki nzima. Ukishapata jumla zidisha kwa miaka yote mpaka darasa la mwisho.

Hilo neno intanashono uliza mtaala gani, nyingi ni NECTA kama kawaida. Kama ni mtaala wa Cambridge wa Uingereza kweli, ada ya mitihani inafuata pauni ya Uingereza.

Nenda siku ya masomo, kaa nje ya darasa usikilize. Uliza walimu wangapi wa mwaka jana bado wapo, kwasababu ajira za serikali zikitoka wengi wanaondoka hata katikati ya muhula na mtoto anabaki na tai yake tu.

Na ya serikali usiidharau, fomu wani mpaka foo hakuna ada toka 2016, fomu faivu na siksi toka 2022. Shida kubwa ni lugha, anasoma Kiswahili miaka yote afu fomu wani ghafla masomo karibu yote Kingereza. Dawa yake anza darasa la tano, kila jioni nusu saa, maneno ya hisabati na sayansi kwa lugha zote mbili. Na kikao cha wazazi nenda, uliza hela za michango zimefanya nini, mbele za watu.