Kumwombea mwingine kwa Rozari ya Huruma ya Mungu

Sala hii aliipokea Sista Faustina Kowalska, mtawa wa Poland, mjini Vilnius, Septemba 1935, alipokuwa akiuombea ulimwengu. Tangu mwanzo, basi, ni sala ya maombezi. Unahitaji rozari ya kawaida ya makumi matano (mafungu matano ya punje ndogo kumi kumi) na dakika kumi hivi. Ukikosa rozari, hesabu kwa vidole.

1. Panga nia kwanza. Watu watano wanatosha, mmoja kwa kila kumi. Wakizidi, utakuwa unasoma majina tu. Mtaje mtu na haja yake kwa sentensi moja: "Bwana, jirani yetu anayepasuliwa kesho." Ishia hapo. Wengi hukwama kwa sababu wanaendelea kumpangia Mungu: dawa ipi ifanye kazi, mume arudi lini. Wale wanne wa Marko 2 walimshusha yule mwenye kupooza mbele ya Yesu, wala hatusikii wakisema neno. Yesu aliiona imani yao.

Mkisali kwenye jumuiya, linda siri za watu. "Mgonjwa wetu" inatosha; ugonjwa wa mtu, ndoa yake na madeni yake si vya kutangazwa kwa jina la nia.

2. Fungua. Ishara ya msalaba, kisha kwenye punje tatu ndogo za mwanzo: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki. Waliozoea Rozari ya Bikira Maria hujikuta wakisali Salamu Maria tatu.

3. Makumi matano. Taja jina la mtu wako. Kwenye punje kubwa: "Baba wa Milele, ninakutolea Mwili na Damu, Roho na Umungu wa Mwanao mpenzi sana, Bwana wetu Yesu Kristo, kwa ajili ya kulipia dhambi zetu na za dunia nzima." Kwenye kila punje ndogo: "Kwa ajili ya mateso makali ya Yesu, utuhurumie sisi na dunia nzima."

Sikiliza unachotoa: ni Kristo mwenyewe, wala si wema wako au wa unayemwombea. Ndiyo maana hata mlevi, hata aliyekudhulumu, unaweza kumwombea bila kusita.

Mkiwa wengi, kiongozi aseme nusu ya kwanza, wengine waitikie. Kufikia kumi la tatu mwendo huwa umeshika kasi na maneno yanamezana. Kiongozi apumue kabla ya kila punje, nao watatulia.

4. Funga. "Mungu Mtakatifu, Mtakatifu Mwenye enzi, Mtakatifu unayeishi milele, utuhurumie sisi na dunia nzima", mara 3. Kisha: "Yesu, nakutumainia." Wasiwasi ukirudi usiku, rudia maneno hayo mawili, ulale.

Saa tisa alasiri, saa aliyokufa Yesu, ndiyo Saa ya Huruma, lakini saa yoyote inafaa. Ukiwa kazini, inua moyo kidogo hapo hapo ulipo.

Kwa mgonjwa mahututi, sali taratibu karibu na kichwa chake, usimlazimishe kuitikia. Padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, na dawa ziendelee. Usiiahidi familia kwamba atapona, wala usimwambie mtu kuwa imani yake ni haba. Maneno hayo huumiza miaka mingi.

Akifariki, usimfute kwenye orodha. Baada ya kumi lake ongeza "Raha ya milele umpe, ee Bwana", na kwenye novena ya Huruma ya Mungu (sala ya siku tisa) inayoanza Ijumaa Kuu mkumbuke siku ya 8, siku ya roho za toharani.