Uliwahi kuongezewa damu zamani? Kapime hivi, usiishie kwenye ukimwi tu

Naandika hii kwa waliowahi kuongezewa damu miaka ya nyuma, iwe kwenye uzazi, ajali, malaria kali utotoni, au wale wenye sikoseli ambao wameongezewa mpaka hawakumbuki ni mara ngapi. Wengi nikiwauliza kama walishapima wananiambia "nilipima niko safi", ukimdodosa unakuta alipima ukimwi basi, homa ya ini hajawahi kupima hata siku moja.

Shangazi yangu alijifungua kwa oparesheni mwaka 1988 akaongezewa chupa mbili, damu walitoa shemeji zake. Mwaka huo kipimo cha homa ya ini C hakikuwepo popote duniani, maana kirusi chenyewe kilitambuliwa 1989. Amekuja kujua anacho akiwa na miaka 60, tumbo limeshajaa maji, na ukimwi alishapima mara nne jamani.

Kwahiyo anza kwa kutafuta ni lini uliongezewa. Muulize mama, angalia kadi ya kliniki au karatasi ya kuruhusiwa, mara nyingi wanaandika BT (blood transfusion, yaani kuongezewa damu) kwa mkono pembeni na idadi ya chupa. Usipopata karatasi yoyote nenda kapime hivyohivyo. Kwa Tanzania Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza 2004, kabla ya hapo damu ilikuwa ya ndugu zaidi na kila hospitali inapima kwa vipimo ilivyonavyo, kwahiyo kama ni ya kabla ya hapo usichelewe kabisa. Saivi damu inapimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, hatari imeshuka sana, tafadhali mgonjwa wako akihitaji damu msikatae.

Ukifika maabara au kwa daktari usiseme "nataka kupima damu", utapimwa malaria urudi nyumbani. Sema niliwahi kuongezewa damu, naomba vile vipimo vinne, uvitaje kimoja kimoja. Kwenye fomu ya homa ya ini B wataandika HBsAg, ya C wataandika HCV. Majibu yakitoka hesabu mwenyewe, yawe manne, kila kimoja na jibu lake.

Kama umeongezewa juzijuzi, kupima leo peke yake hakutoshi kwasababu mwili unachukua muda kuonyesha. Pima sasa, rudia baada ya miezi 3, na homa ya ini rudia tena miezi 6. Ila ukipata homa kali au mkojo mweusi siku zilezile za kuongezewa damu usisubiri vipimo, rudi hospitali muda huohuo. Na usiende kuchangia damu ili upimwe bure, unaweza ukawa kwenye kipindi ambacho kipimo hakioni kitu na damu yako ikaenda kwa mtoto wa mtu.

Sasa majibu. Kile kipimo cha haraka cha C kikitoa mistari miwili maana yake uliwahi kukutana na kirusi, sio lazima bado unacho, kuna watu mwili unakifukuza wenyewe. Omba kipimo cha wingi wa virusi ndo ujue. Ukikutwa nacho kinatibika, ni vidonge, mara nyingi wiki 12, na zaidi ya asilimia 90 wanapona. B haina dawa ya kuimaliza kabisa ila ipo ya kuituliza, sio kila mtu anaanzishiwa, muhimu ufuatiliwe ini, na mwenza na watoto wapimwe wachanjwe, chanjo ni dozi tatu. Kaswende ni sindano za penisilini, VVU dawa ni bure. Na nawaomba sana, msikimbilie mizizi ya kusafisha ini, kuna mingine inalimaliza.

Shangazi alimeza dozi yake kirusi kikaisha, ila ini lililokwisha kusinyaa halikurudi, mpaka leo anahudhuria kliniki. Daktari akatuambia tuwapime na watoto aliowazaa baada ya ile damu, mana mama anaweza kumwambukiza mtoto. Wako watatu, tumewapeleka wote siku moja, hawana.