SOMO: Mchicha mwiba kwenye ufuta, jinsi ya kuutambua mapema

Kila mchicha unaojiotea shambani tunauita mchicha pori, kumbe ni aina kadhaa. Hapa Lindi na Mtwara unaomtesa mpaliliaji ni mchicha mwiba, Amaranthus spinosus kwa jina la kitaalamu.

1. Anza wiki mbili hivi baada ya ufuta kuota. Chuchumaa kwenye mstari, papasa shina. La ufuta lina pembe nne na vinyweleo. La mchicha ni la mviringo, mara nyingi lina wekundu. Kisha tazama majani. Yale ya chini ya ufuta hutoka mawili mawili yakitazamana, ya mchicha hupishana moja moja. Kibarua asiyeonyeshwa jambo hili atang'oa ufuta na kuubakiza mchicha, nawe utamlipa.

2. Mche wa mchicha ukifika urefu wa kiganja, chunguza pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina. Utaona vincha viwili, kimoja kila upande. Mwanzoni ni laini, havichomi, kwa hiyo usiseme "huu hauna miiba" kwa kupapasa tu. Baadaye hukakamaa na kupita sentimita moja.

3. Ukichanua, vishada vya mviringo kwenye makwapa ya majani ya chini huwa vya kike. Suke la juu lina maua mengi ya kiume. Mbegu ni nyeusi, zinang'aa, hazizidi milimita moja.

Usipoona mwiba hata kwenye mmea mkubwa, hiyo ni aina nyingine. Ncha ya jani ikiwa na pengo na tunda likiwa na makunyanzi, ni Amaranthus viridis.

Ng'oa kabla ya suke. Mzizi mkuu huenda chini moja kwa moja, basi subiri udongo uwe na unyevu. Ukiukata juu kwa jembe, kisiki huchipua.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeng'oa nikalaza katikati ya mistari, mvua ikanyesha, imesimama tena!

Jibu: Marahaba. Mizizi ilishika udongo wenye maji. Kung'uta udongo, lundika nje ya shamba mizizi ikitazama juu. Wenye mbegu usiuache shambani kabisa, hukomaa hata ukiwa umeng'olewa.

Swali: Nilipiga dawa ya magugu ya kwenye ufuta. Nyasi zimekufa, mchicha unacheka.

Jibu: Dawa hiyo ni ya jamii ya nyasi tu, mchicha ni jani pana. Usikimbilie 2,4-D, dawa ya kuua majani mapana, itaondoka na ufuta wako. Rudi kwenye jembe.

Swali: Unalika?

Jibu: Machipukizi laini, ndiyo. Chemsha, mwaga maji, kisha uunge kwa karanga. Lakini si ya shamba lililopigwa dawa.