Namna ya Kusomesha Siasa ya Nje ya Marekani Ilipokuwa Changa, Ukianzia Bandarini

Mada hii watoto huikimbia. Wakifungua daftari wanakuta mikataba imepangwa foleni, Jay, Pinckney, Ghent, wanaikariri usiku kucha, na mtihani ukimalizika hakuna kilichobaki kichwani. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Wete. Nawaandikia walimu wenzangu, na pia wanafunzi wanaojisomea wenyewe, kwa sababu naamini watu wa visiwani tuna njia yetu ya kuifahamu mada hii. Ni habari ya nchi changa yenye madeni, isiyo na jeshi la kutisha, inayoishi kwa bahari na kuzungukwa na wakubwa kila upande. Mtoto wa Pemba hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya hayo.

Usianze na marais. Anza na mzigo. Kabla hujataja jina la mtu yeyote, andika masuali matatu juu ya ubao na uyaache hapo hadi mada iishe: chombo kilipakia nini, nani alikizuia, na nani alilipa? Kila tukio litakalofuata, lipitishe hapo.

Kisha chora ramani sakafuni kwa chaki, kubwa, wanafunzi waweze kusimama ndani yake. Weka pwani ya mashariki ya Marekani, visiwa vya West Indies, mto Mississippi ukishuka hadi New Orleans, Ulaya, na bahari ya Mediterania pamoja na Algiers na Tripoli. Halafu vuta mstari uzunguke Rasi ya Tumaini Jema mpaka kwetu. Walimu wengi huikata ramani kwenye Atlantiki, na hapo ndipo somo linapogeuka kuwa la watu wengine.

Sasa mweke mwanafunzi mmoja Salem, bandari ya Massachusetts, awe mwenye merikebu. Mwaka ni 1783. Uhuru umekubaliwa kwa Mkataba wa Paris na watu wanasherehekea. Muulize darasa lote likisikia: mzigo wako wa samaki wakavu na mbao unaupeleka wapi? Atasema West Indies, kwa sababu ndiko wazee wake walikokuwa wakipeleka. Mwambie Uingereza imeshaufunga mlango huo: makoloni yake ya kule hayapokei tena merikebu za Marekani, kwani sasa wao ni wageni. Mwache akae kimya kidogo. Uhuru umemfungia soko. Kutokana na kubanwa huko ndipo Wamarekani walipotafuta njia za mbali. Mwaka 1784 merikebu Empress of China ilikwenda Canton, na baada ya hapo watu wa Salem wakaingia Bahari ya Hindi kufuata pilipili manga na kahawa. Mtoto akiishika hatua hii, hatashangaa ukifika mwisho.

Mwaka wa kukaa nao muda mrefu ni 1785. Mimi huutengea kipindi kizima.

Zamani merikebu za makoloni zilipita Mediterania chini ya ulinzi wa Uingereza. Baada ya uhuru ulinzi ule ukaondoka, na kwa kanuni ya dola za Afrika ya Kaskazini wakati ule, taifa lisilo na mkataba nao vyombo vyake vilikuwa halali kukamatwa. Julai 1785 Algiers ikakamata merikebu mbili, Maria ya Boston na Dauphin ya Philadelphia, pamoja na mabaharia 21. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ikaiuza manowari yake ya mwisho, Alliance, kwa kuwa haikuwa na fedha za kuihudumia. Yaweke matukio haya mawili pamoja ubaoni, kisha uliza: kwa nini hawakulipa wakawakomboa watu wao? Jibu liko katika mfumo wa serikali. Bunge la shirikisho la wakati ule halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, lilikuwa likiomba majimbo, na majimbo yakitoa yanapotaka. Wale mateka walioendelea kuishi walirudi kwao baada ya mkataba wa 1795, zaidi ya miaka kumi tangu wakamatwe. Gharama ya amani ile ilikaribia dola milioni moja, pamoja na vifaa vya merikebu vya kupelekwa Algiers kila mwaka.

Wasimulie habari ya James Cathcart. Alikamatwa ndani ya Maria akiwa kijana, akapanda hadi kuwa karani mkuu Mkristo wa Dei, yaani mtawala, wa Algiers, na baadaye nchi yake ikamtuma Tripoli kuwa balozi mdogo. Vijana wakisikia kuwa aliyekamatwa alikuwa rika lao, masuali huja yenyewe.

Hapa mwalimu atahitaji ujasiri wa aina mbili. Kwanza, kuna mwanafunzi atakayeuliza kama hivi vilikuwa vita vya dini. Msomee maana ya kifungu cha 11 katika matini ya Kiingereza ya mkataba wa Marekani na Tripoli, ulioidhinishwa na Seneti mwaka 1797: serikali ya Marekani haikujengwa juu ya dini ya Kikristo, na haina uadui na sheria, dini wala utulivu wa Waislamu. Mgogoro ulikuwa wa njia za biashara na fedha. Tripoli ilipodai zaidi, vita vikaja, 1801 hadi 1805, na bado Marekani ikaishia kulipa dola 60,000 kuwakomboa mabaharia wa manowari yake Philadelphia iliyokamatwa na Tripoli. Pili, sema wazi kwamba nchi iliyolia kwa ajili ya mateka wake Algiers ilikuwa na mamia ya maelfu ya watumwa mashambani mwake. Sisi tunaokaa kati ya mikarafuu iliyopandwa na mikono ya watumwa hatuna sababu ya kulipita jambo hilo mbio mbio, la kwao wala la kwetu.

Ukitoka hapo, katiba ya 1787 inajieleza yenyewe. Waulize wanafunzi serikali ile ilihitaji uwezo gani, nao wataitaja karibu yote: kutoza kodi, kusimamia biashara ya nje, kuwa na jeshi la majini. Mwaka 1794 Bunge likaidhinisha manowari sita.

Kwa upande wa mto, mtoe mwanafunzi Salem, msimamishe Kentucky. Ana mahindi, tumbaku na nyama ya nguruwe ya kutia chumvi, na milima iko kati yake na pwani. Njia yake ni Mississippi, na mdomo wa mto uko mikononi mwa Hispania, iliyowafungia Wamarekani mwaka 1784. Mwaka 1786 ilipozungumzwa kuiacha haki ya mto kwa miaka 25 ili wafanyabiashara wa kaskazini wapate soko Hispania, majimbo saba yaliunga mkono na matano yakakataa, na kura tisa zilizohitajika hazikupatikana. Rekebisha hapa dhana kwamba nchi huwa na maslahi mamoja ya nje. Mkulima wa Kentucky na tajiri wa Salem walikuwa nchi moja, na kila mmoja alikuwa tayari kuuza haki ya mwenzake. Mkataba wa Pinckney wa 1795, kati ya Marekani na Hispania, ulifungua mto. Baadaye Hispania ikairudishia Ufaransa Louisiana, yaani nchi ya magharibi ya mto pamoja na New Orleans, na mwaka 1803 Marekani ikainunua yote kwa Ufaransa, dola milioni 15. Usiseme tu kwamba Napoleon aliuza kwa kutaka fedha za vita. Watu wa Haiti, koloni la Ufaransa, waliokuwa watumwa, walilivunja jeshi lake, na bila Haiti Louisiana haikuwa na faida kwake. Malipo ya Haiti kwa msaada huo yalikuwa kutotambuliwa na Marekani hadi 1862.

Vita vya Uingereza na Ufaransa vilivyoanza 1793 vifupishe. Rais Washington alitangaza kutofungamana na upande wowote, mjumbe wa Ufaransa Genêt akajaribu kuandaa vyombo vya kivita ndani ya bandari za Marekani, mjumbe wa Marekani Jay akapatana na Uingereza mwaka 1794, Ufaransa ikakasirika, na kuanzia 1798 hadi 1800 wakapigana baharini bila kutangaza vita. Ubao mmoja unatosha. Muda utunze kwa 1807.

Tarehe 22 Juni 1807 manowari Chesapeake ilitoka Virginia, sitaha imejaa mizigo isiyopangwa na mizinga haijawa tayari. Leopard ya Uingereza ikaisimamisha, ikadai kuwatafuta mabaharia waliotoroka jeshi lake. Nahodha Barron akakataa. Leopard ikapiga. Chesapeake iliwahi kufyatua mzinga mmoja tu kabla ya kushusha bendera. Watatu walikufa, kumi na wanane walijeruhiwa, na wanne wakachukuliwa. Watatu kati ya wanne hao walikuwa Wamarekani. Kwa sheria ya Uingereza, aliyezaliwa raia wake alibaki raia wake maisha yote, na manowari zake zilikuwa na njaa ya watu. Wape wanafunzi dakika kumi waandike barua ya mke wa mmoja wa mabaharia hao. Mimi nimesoma barua za aina hii zilizoandikwa na watoto wa wavuvi, na hakuna insha ya mikataba iliyonionesha ufahamu kama ule.

Rais Jefferson hakutaka vita. Desemba mwaka huo alizuia merikebu zote kwenda nje, akiamini Ulaya itaumia ikikosa bidhaa zao. Bidhaa zilizouzwa nje zilishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808. Mrudishe yule mwanafunzi Salem umuulize hali yake. Hapa suali la "nani alilipa" linapata jibu lake kali kuliko yote: walilipa wenyewe.

Kwa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza tumia jedwali la safu mbili: siku jambo lilipotokea, na siku habari ilipofika. Marekani ilitangaza vita tarehe 18 Juni. Siku chache baadaye London, bila ya kujua, ikafuta amri zilizokuwa zikizibana merikebu za Marekani. Amani ilitiwa saini Ghent tarehe 24 Desemba 1814, na watu wakauana New Orleans tarehe 8 Januari 1815 kwa sababu barua ilikuwa bado baharini. Jedwali hili linafundisha udiplomasia wa zama zile vizuri kuliko maelezo ya kurasa nyingi.

Kazi ya mwisho ifanyeni kwenye kona yetu ya ramani. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, alikutana na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, hapa Zanzibar mwanzoni mwa 1828, na tarehe 21 Septemba 1833 wakatia saini mkataba Muscat: ushuru wa asilimia tano kwa mzigo unaoshushwa, na Wamarekani huru kufanya biashara katika bandari za Sayyid. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa balozi mdogo. Ndani ya mkataba huo kuna kifungu kuhusu mabaharia wanaovunjikiwa na chombo. Roberts alipendekeza serikali yake igharimie matunzo yao. Sayyid akakataa, akisema kulipwa kwa kumhifadhi mgeni si desturi ya Waarabu, na kifungu kikaandikwa kwamba gharama ni za Sayyid.

Wape wanafunzi mkataba wa Algiers wa 1795 na huu wa 1833, waupitishe kila mmoja katika masuali matatu ya ubaoni, kisha waandike kurasa mbili juu ya kilichobadilika katika miaka 38 hiyo, upande wa Marekani na upande wa waliopatana nayo. Anayetaja Sayyid Said alitaka nini kutoka kwa Wamarekani, ambao hawakuwa na manowari za kumtisha kama Uingereza, mpe alama za juu.