Sileji ya majani isitengenezwe kama ya mahindi

Wanaonenepesha maksai Kanda ya Ziwa wengi walijifunza sileji, yaani malisho mabichi yaliyochachushwa shimoni bila hewa, kwa mahindi: kata, katakata, shindilia, funika, yote siku moja. Kwa mahindi ni sahihi. Hasara inaanza pale mfugaji anapokata mabingobingo (majani ya tembo) asubuhi na kuyaingiza shimoni kabla ya saa sita. Miezi miwili baadaye shimo linatoa harufu ya siagi iliyooza, chini kumejaa maji meusi, na ng'ombe wananusa wanaondoka.

Sababu ni maji na sukari. Mahindi yaliyokatwa wakati mstari wa maziwa, yaani mpaka kati ya sehemu ngumu na ya majimaji, umefika nusu ya punje, ukiyakausha kabisa, kila kilo 100 hubaki kilo 30 hadi 35, na sukari yake inatosha kuwalisha bakteria wanaotengeneza asidi. Mabingobingo yenye urefu wa mita moja hubaki kama kilo 18 tu, na sukari ni haba. Asidi inachelewa, bakteria waharibifu wanawahi.

Wapo wanaosema dawa ni kuyaacha mabingobingo yakomae ili yapungue maji. Hapana, ndugu mfugaji! Yakifika mita mbili na nusu umevuna miti. Protini ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinakosa nguvu, ng'ombe anakula kidogo na uzito hauongezeki. Kata yakiwa mita 1 hadi 1.2, kwa kawaida wiki 6 hadi 8 tangu mkato uliopita mvua zikiwa nzuri, kisha yanyaushe.

Usikisie unyaukaji kwa macho. Pima mzigo wa kilo 10 mara tu unapokata, utandaze juani pamoja na mengine, tabaka jembamba, ugeuze kila saa mbili. Mzigo huo ukibaki kilo 6.5, katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Mashina manene hayafiki hapo kwa saa tatu za jua. Mara nyingi ni siku nzima, na kukiwa na mawingu zaidi. Huna mizani? Finya kwa nguvu konzi ya majani yaliyokatwakatwa kwa nusu dakika. Maji yakichuruzika, bado. Bonge likifumuka polepole bila kulowesha kiganja, yamefaa. Likisambaratika papo hapo, umepitiliza.

Brachiaria, nyasi nyingine ya malisho, ina majani mengi na shina jembamba, kwa hiyo kilo 10 zikibaki 8 inatosha. Kwa mwenye jua la nusu siku tu, naichagua hii kuliko mabingobingo, ijapokuwa mavuno yake kwa eka ni madogo. Nyasi ya Rhodes ikianza kutoa maua ina maji machache zaidi, ila ikikauka mno haishindiliki, hewa inabaki ndani na ukungu unaingia; nyasi hii ni bora uifanye hei, yaani majani makavu. Mtama wa malisho ukatwe punje zikiwa laini kama unga uliokandwa. Huo hufuata kanuni ya mahindi, hauhitaji molasi (masalia mazito matamu ya kiwanda cha sukari).

Mabingobingo, brachiaria na hata Rhodes ukiifanya sileji, yote yanahitaji molasi: ndoo moja ya lita 20, karibu kilo 28, kwa kila tani iliyokwisha nyaushwa. Izimue kwa maji kiasi kilekile, basi. Wanaoweka ndoo tatu za maji wanarudisha shimoni yale waliyoshinda juani kuyaondoa! Ukikosa molasi, tumia pumba za mahindi kilo 50 kwa tani, zikichanganywa katika kila tabaka. Usimwage zote juu.

Tabaka lisizidi sentimita 20 kabla ya kushindilia. Kila siku kata kiasi utakachoweza kukimaliza, na shimo lifungwe ndani ya siku mbili tangu tabaka la kwanza. Subiri siku 40. Sileji nzuri ina rangi ya kijani-njano na uchachu wa siki.

Maksai wa kilo 250 hula kilo 20 hadi 22 za sileji hii kwa siku. Peke yake haimnenepeshi. Ya mahindi ina punje, ya majani haina, kwa hiyo mwongezee mashudu ya pamba kilo 1 hadi 1.5 na pumba za mahindi kilo 2, ukianza na nusu ya vipimo hivyo wiki ya kwanza.