Mashine ya Saa ya Ukutani: Pima Mbao Kwanza, Ndipo Ununue

Viboksi vya mashine za saa za betri karibu vyote vinalingana: takriban mm 56 kwa 56, unene mm 16. Kwa hiyo kuchagua kwa kutazama kiboksi hakusaidii kitu. Kinachotofautiana ni urefu wa hesi, yaani ile sehemu ya shafti (kijiti kinachobeba mishale) inayofungwa nati.

Hesi izidi unene wa mbao kwa mm 3 hadi 4, ili washa (kipete bapa) na nati zipate pa kushika. Unene unaohesabiwa ni wa pale shafti inapopenya tu. Ubao wa mninga wa mm 25 hauhitaji hesi ndefu: chimba nyuma yake kishimo cha mm 60 kwa 60, kina mm 19, ubakize mm 6 mbele. Hapo hesi ya mm 10 inatosha. Ukibandika uso wa bati au plastiki, ongeza unene wake kwenye hesabu. Hili husahaulika sana. Hesi ikizidi mno, mishale hukaa mbali na namba, na penye kioo itakwaruza.

Shafti nyingi zina kipenyo cha mm 8. Toboa kwa biti ya mm 8.5 au 9, na ukishapaka vanishi pitisha biti hiyo tena, maana vanishi hubana tundu.

Mshale hupimwa kutoka katikati ya tundu lake hadi nchani, mkia hauhesabiwi. Mduara wa namba ukiwa na kipenyo cha sm 24, mshale wa dakika uwe sm 10 hadi 11, wa saa kama sm 7. Ukivuka sm 15, tafuta mashine ya nguvu kubwa. Ya kawaida hukwama mshale wa dakika unapopanda karibu na 9, kwa sababu hapo ndipo uzito wake unapoilemea zaidi. Wengi hubadilisha betri tu, na saa inasimama tena palepale. Mishale na mashine vinunuliwe pamoja, kwani matundu hayafanani.

Kufunga: washa ya mpira juu ya kiboksi, pitisha shafti, washa ya chuma, nati. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Zaidi ya hapo plastiki hupasuka. Weka mshale wa saa, kisha wa dakika, yote ikielekea 12, halafu wa sekunde. Kabla ya betri, zungusha kirungu cha nyuma mpaka dakika imalize duara zima. Mishale ikigusana, ikunje kidogo kuitenganisha.